Tivii Iliyopelekwa Mlangoni

Siku tivii yetu nene ya chogo ilipokufa, wifi yangu hakugeuka. Ilikuwa alasiri, mechi imefika kwenye penalti, mpigaji ameshauweka mpira na kurudi nyuma, mara picha ikajikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, na mstari nao ukatoweka. Sauti ikabaki. Kaka yangu akasimama akashika kichwa. Mama yetu akauliza kama umeme umekatika. Wifi yangu, aliyekuwa ameipa tivii kisogo kama kawaida yake, akaendelea kukanyaga cherehani, na mtangazaji alipopaza sauti yeye akasema, "Amekosa. Amepiga nje."

"Umejuaje?" kaka akamuuliza.

"Angefunga, mtangazaji angelivuta neno. Huyu amelikata."

Dakika ile ile mtangazaji akathibitisha kuwa mpira umepaa juu ya lango. Kaka akakaa chini polepole, hajui aumizwe na lipi, tivii au mkewe.

Watu wanaomwona wifi yangu kwa mara ya kwanza hudhani ni mpole. Si mpole hata kidogo. Ana pini mdomoni muda mwingi, basi. Siku akizitoa utamjua. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mumewe naye anamwita Fundi, ila akiwa na shida ndipo humwita "mke wangu". Ameshona katika ile sebule yetu tangu alipoolewa. Watoto wake wote wamekulia chini ya meza ya cherehani, wakicheza na vifungo na kuokota pini kwa sumaku, na sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. Yeye bado yuko pale pale, ubavuni mwa dirisha, mwanga ukimjia kutoka kushoto na kutua kwenye sindano.

Mahali pale hapana mbadala. Anayeshona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi anahitaji jua, si taa. Na kwa jinsi sebule yetu ilivyokaa, mtu akikaa ubavuni mwa dirisha kwa namna ile, kabati la tivii linakuwa nyuma yake. Kwa hiyo kwa miaka yote ile wifi yangu hakuwa mtazamaji wa tivii, alikuwa msikilizaji. Alizijua sauti zote. Msomaji habari akiwa na mafua, wa kwanza kujua ni yeye. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa kila jioni, wa mzee mwenye kiwanda cha sabuni na ndugu zake wanaomvizia urithi, na huyo mzee alikuwa na sauti nzito inayotoka chini kabisa. Wifi yangu alimwita Pipa. "Leo Pipa anadanganya," angesema huku anatunga uzi, na baada ya matangazo ya biashara tungeona kweli Pipa amedanganya.

Mimi ni mdogo wake kaka. Naoka mikate zamu ya alfajiri, kwa hiyo mchana niko nyumbani, na kwa sababu niko nyumbani wifi yangu amenigeuza mpinda pindo bila mshahara. Kaka yangu husoma mita za maji nyumba kwa nyumba siku za kazi, na mwisho wa wiki ni refa wa ligi za mitaani. Hiyo ya pili ndiyo anayoihesabu kuwa kazi. Hata akienda kanisani au kliniki, kadi ya njano iko kwenye mfuko wa shati. Wanamwita Refa na anaitika kwa kifua mbele.

Sasa Refa bila tivii ni mtu wa kuhurumiwa. Alikaa siku chache akitazama kabati tupu, kisha jioni moja akarudi kazini macho yanang'aa, hata kofia hakuvua.

"Nimeiona," akasema.

"Umemwona nani?" mama akauliza.

"Tivii, mama. Plasma."

Hii ni zamani kidogo, wakati tivii nyembamba ndio kwanza zinaingia madukani. Ulitakiwa uwe na upande, plasma au LCD, na watu walibishana vijiweni mpaka mate yanawakauka, hata wale ambao nyumbani kwao hawakuwa na redio. Kaka yangu alikuwa ameingizwa kwenye chumba cha nyuma cha duka, chumba cha giza, akaoneshwa plasma, na alitoka humo ameokoka.

"Weusi wake ni weusi kweli, si kijivu. Mpira ukipigwa unauona wote, mduara, unakwenda. Kwenye LCD mpira ukipigwa kwa nguvu unaacha mkia nyuma. Refa gani anaangalia mpira wenye mkia? Na plasma hata ukikaa pembeni kabisa unaona sawasawa. Mama, pale pale ulipo, utaona kama uko mbele."

Mama akapendezwa. Kiti cha mama kiko pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Nyonga yake ina matatizo, na seremala alikipandisha kiti kile kwa vigogo na kukigongea ukutani ili asianguke wakati wa kuinuka. Mama hasogezwi. Alishazoea kutazama dunia kwa upande.

"Fedha ipo," kaka akaendelea, na ni kweli ilikuwepo, hilo halikumnyima mtu usingizi. "Kuna jambo moja tu dogo."

Niliposikia "jambo moja tu dogo" nilimtazama wifi yangu. Mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga.

Kaka akalieleza jambo lake akiwa amesimama katikati ya sebule, anapima hewa kwa mikono. Plasma ni nzito, inataka meza imara, na meza itakaa ukuta mrefu unaotazama dirisha. Sasa kioo cha plasma ni kioo, mwanga wa dirisha utaingia wote humo. Kwa hiyo patawekwa pazia zito, na mchana litafungwa. Na pazia likifungwa, basi, Fundi hataweza kushona pale. Lakini ile stoo ya karibu na jiko ingesafishwa, ipakwe rangi, iwekwe taa kubwa, na cherehani ihamie huko.

"Utapata chumba chako mwenyewe," akamwambia mkewe, na kwa uso wake ungejua anaamini amempa zawadi. "Hutasumbuliwa na kelele zetu."

Wifi yangu akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha mkononi.

"Tutaiona kwanza hiyo tivii," akasema.

Kesho yake tulikuwa wawili tu na mama amesinzia. Nilikuwa napinda suketi ya mtu, yeye anapiga pasi kola. Nikamwambia, "Wifi, umekubali stoo?"

Alipiga pasi kola ile mpaka nikaogopa ataiunguza.

"Stoo nitakuwa na taa," akasema. "Sitakuwa na watu. Wifi, mimi nimekaa humu ndani na nyinyi miaka yote. Mama akikohoa najua. Wewe ukirudi umechoka najua kwa jinsi unavyovua viatu. Sasa nikakae na magunia ya mkaa nisikie watu wanacheka ng'ambo ya ukuta? Nitauliza nini kimewachekesha, mtaniambia hamna kitu."

Sauti ilimkatika kidogo hapo mwisho. Wifi yangu si mtu wa kulialia, na mimi niliiweka ile suketi chini. Nilimwambia amweleze mumewe hivyo hivyo. Akasema mumewe ameipenda ile tivii kwa moyo wote, na hataki kuwa mtu wa kumharibia furaha kwa sababu ya kiti.

"Lakini siinunui gizani," akasema. "Hilo sifanyi."

Hapo inabidi nieleze habari ya koti. Mwanzoni kabisa mwa kazi yake, wifi yangu alishona koti la karani mmoja. Kitambaa alikinunua jioni dukani, chini ya taa, na kola akaikata kwenye kipande kingine walichomwambia ni kile kile. Kilikuwa cheusi, na cha kwanza kilikuwa bluu iliyoiva. Taa haikusema. Karani akalivaa koti akaenda kupigwa picha ya ofisini juani, na kwenye picha anaonekana kama amevaa kola ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo wifi yangu hanunui kitambaa bila kukipeleka mlangoni. Wauza vitambaa wote wanamjua. Akiingia tu, mmoja anakwenda kufungua mlango wote wazi, maana wanajua jora litatoka nje lije lisimame juani kama mshitakiwa. Kwa wateja pia yuko hivyo hivyo. Kioo cha kujitazamia pale sebuleni amekifunga ukutani kwa bawaba za mlango, anakivuta na kukigeuza mpaka mteja ajione mbele, ubavu na mgongo, kwenye mwanga. Hataki mtu aje kulalamika kesho.

Tulikwenda dukani wote wanne. Mama alisema kama ni kitu cha kukaa nacho mpaka afe basi lazima akione, na tukampakia kwenye teksi na mto wake wa nyonga. Duka lilikuwa refu, mbele kuna majiko na majokofu, nyuma kabisa pana pazia jekundu. Muuzaji alikuwa bwana mtanashati mwenye tai, mwenye adabu, na meno yote nje. Wifi yangu alimwangalia kuanzia juu mpaka chini akaninong'oneza, "Mguu mmoja wa suruali umezidi mwenzake." Huyo ndiye mtu aliyekuja kununua tivii.

Tukaingizwa nyuma ya pazia. Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Humo ndani giza totoro, na ukutani samaki wanaogelea, rangi zinatiririka, halafu ikaja picha ya mji usiku, taa moja moja, na kati ya taa weusi mzito ambao ungedhani ukinyoosha mkono utapotelea humo. Mama akasema, "Yesu wangu." Kaka alisimama mikono nyuma, ametulia, kama mtu anayewaonesha wazazi mchumba.

"Bibi, hata hapo pembeni ulipo unaona vizuri?" muuzaji akamuuliza mama.

"Naona mpaka magamba," mama akasema.

Kaka akamgeukia mkewe. "Fundi, unasemaje?"

"Ni nzuri," wifi yangu akasema, na alikuwa anasema kweli. "Nzuri sana. Sasa twende nayo mlangoni."

Muuzaji akacheka, akidhani ni utani. "Mlangoni kufanya nini, mama?"

"Kuiona, mwanangu."

"Si unaiona hapa?"

"Hapa naona giza lako. Nyumbani kwangu hakuna giza hili."

Muuzaji akamtazama kaka, na kaka, ambaye amewahi kuona majora yakitolewa nje, akainua mabega. Duka lilikuwa halina wateja wengine siku hiyo, na nadhani hata wafanyakazi walikuwa wamechoka kusimama. Ikaitwa mikono. Plasma ilibebwa na wanaume wawili, wanatembea kama watu waliobeba kabati lenye vyombo, mmoja anamwambia mwenzake taratibu, taratibu. Ukatafutwa waya mrefu wa umeme. Meza ya majiko ikaondolewa majiko. Wakaiweka plasma palipofika mwanga wa mlango, inatazama barabara kama ambavyo ingetazama dirisha letu, wakaiwasha.

Tukaona barabara. Tuliona duka la viatu la ng'ambo, tuliona mtu amebeba godoro kichwani, tuliona teksi yetu na dereva amelala mdomo wazi. Samaki walikuwamo, lakini ilibidi uwatafute kati ya wapita njia. Kaka akaomba muuzaji aweke mpira. Mpira ukawekwa, na kaka akasogea akakaza macho, na alichokiona zaidi ni yeye mwenyewe amekaza macho. Mshambuliaji alipokaribia goli, mtu wa baiskeli akapita mbele ya kipa.

"Huyo wa baiskeli ameotea," wifi yangu akasema.

Hata muuzaji alicheka, na kaka alijitahidi asicheke akashindwa. Lakini alikuwa ameumia kidogo, nilimwona. Akasema, "Ndiyo maana nimesema tutaweka pazia." Wifi yangu akamgeukia muuzaji, maana pazia ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

"Lete LCD," akamwambia muuzaji.

LCD aliileta mtu mmoja, ameikumbatia kifuani. Ikawekwa pale pale, ikawashwa, na barabara haikuwamo. Kioo chake hakikuwa cha kung'aa, kilikuwa kama kimefifishwa kwa juu, na picha ikatoka humo imesimama kwenye mwanga wa mlango bila woga. Nikaanza kufurahi. Nilimtazama wifi yangu, naye alikuwa anafurahi lakini anajizuia, na akafanya vyema kujizuia, kwa sababu hapo hapo mama akaongea kutoka kwenye kiti alichowekewa ubavuni.

"Watu hawa mbona wamepakwa unga?"

Tukaenda kusimama upande wake. Kweli, kwa pale alipokaa mama, watu wote kwenye LCD walikuwa wamepauka na majani ya uwanja yamegeuka majivu. Ukija mbele wanapona, ukirudi pembeni wanaugua tena. Na mpira ulipopigwa kwa nguvu, kaka akanyoosha kidole. "Mkia. Umeuona mkia?" Tuliuona. Ulikuwa mfupi, lakini ulikuwepo.

"Basi ni sare," kaka akasema, "na sare ikimhusisha mama, mama ndiye anashinda. Hawezi kusogezwa. Tuchukue plasma, tufunge pazia."

Alisema bila ubaya wowote. Lakini nilimwona wifi yangu anashusha mabega, na nilijua anaiona stoo, mkaa na ile taa. Angekubali. Asingembishia mama mkwe wake haki ya kuona watu wasiopakwa unga. Moyo uliniuma kwa niaba yake, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema lile alilokataa kumwambia mumewe.

Yeye hakuwa ananitazama. Aliiendea LCD akaishika kona kwa vidole viwili, akaiinua kidogo, akaishusha, jinsi anavyopima uzito wa kitambaa kabla ya kukikata. Akaenda nyuma yake. Akainama.

"Mwanangu," akamwita muuzaji, "haya matundu manne ni ya nini?"

"Ya kutundikia ukutani, mama."

"Inakaa imeganda tu?"

"Unaweza kuweka mkono wa chuma. Unavutika, unakunjika." Akaenda kuuchukua, akauonesha unavyofanya kazi, na ule mkono ukajikunja na kujikunjua mbele yetu, bawaba juu ya bawaba. Nikaona uso wa wifi yangu unabadilika. Ilikuwa kama tunakitazama kile kioo chake cha wateja.

"Na ile kubwa, nayo inakaa kwenye mkono kama huu?"

Muuzaji alikuwa mtu mkweli, Mungu ambariki. "Ile, mama, unaibandika kwenye ukuta wa maana na hapo hapo inabaki. Ukiivuta kwa mkono inakuja na ukuta."

Wifi yangu akasimama wima. "Mama hawezi kusogezwa," akamwambia mumewe. "Na mimi siwezi kusogezwa, jua liko pale lilipo. Basi isogee yenyewe. Iwekwe ukutani kwenye kona ya dirisha, juu ya meza ya pasi. Pale mwanga wa dirisha hauipigi. Mama akiangalia, inageuzwa kwa mama. Mpira ukianza, inageuzwa kwako."

Kaka akaitazama LCD, akautazama ule mkono. "Kona ya dirisha," akasema. "Mbele yako."

"Mbele yangu."

"Kwani na wewe unataka kuangalia? Miaka yote mbona hugeuki?"

"Nikigeuka, mkono unakwenda na kitambaa," wifi yangu akasema. "Nimeharibu nguo ngapi mwanzoni, ndipo nikajifunza kutogeuka. Sijawahi kusema sitaki kuona."

Wale wabebaji wawili wakajifanya wanakunja waya. Kaka yangu si mtu mgumu, ila jambo likimfika hujui utamwonaje, maana uso wake ameufundisha kutoonesha kitu ili wachezaji wasimzoee. Aliishi na mwanamke huyu, akala naye, akazaa naye, akamsikia kila siku akitaja nani amedanganya na nani amekosa penalti, na hakuwahi kujiuliza. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya njano, akajionesha mwenyewe, usoni, mkono umenyooka juu kama inavyotakiwa.

Mama akapiga makofi. Muuzaji hakuelewa lakini akapiga pia.

"Na mkia wa mpira?" nikamuuliza kaka, kumchokoza.

"Ile ya chogo ilikuwa inaonesha mipira miwili mwezi mzima na nilikuwa nachezesha," akasema, akamgeukia mkewe. "Huu mkia nitauzoea, mke wangu."

Wifi yangu alitoka dukani akitembea kama aliyeshinda uchaguzi. Mlangoni akasimama, akamwambia muuzaji alete ile suruali nyumbani, ataisawazisha bure, hawezi kumwacha mtu mkweli atembee hivyo.

Kutundika kulichukua alasiri nzima, kwa sababu mtundikaji alikuwa kaka na msimamizi alikuwa mama. Alipima, akatoboa, mama akasema ni juu mno. Akatoboa tena, mama akasema sasa ni chini. Tundu la kwanza liko mpaka leo, tumelifunika na kalenda. Mwishowe mkono wa chuma ukashika, LCD ikakaa mahali pake, na kaka akaivuta akaigeuza kwa mama. Mama akaangalia akasema watu wamepona. Dirisha lilikuwa wazi, jua linaingia lote, na picha haikujali. Cherehani ilikuwa inaimba pale pale ilipoimba siku zote.

Ikafika saa ya mchezo wa sabuni. Muziki ukaanza. Mama ana haki ya mchezo huo kuliko mtu yeyote, haumpiti hata akiwa na homa. Lakini niliona amenyoosha fimbo yake, akaisukuma kona ya tivii taratibu mpaka ikamgeukia mkwewe.

"Mama, wewe je?" wifi yangu akasema. "Watapauka."

"Mimi nimeshawaona sana. Angalia wewe."

Wifi yangu akainua uso. Mguu wake ukatoka kwenye pedali. Mwanga ulikuwa bado upo, blauzi ya watu iko nusu chini ya sindano, na cherehani imenyamaza. Kitu hicho sikuwa nimewahi kukisikia mle ndani. Mlango wa ofisi kwenye mchezo ukafunguka, akaingia mwanamume mfupi, ana kipara, kizibao kimembana tumbo, akafungua mdomo, na ile sauti nzito ikatoka.

"Huyu ndiye Pipa?" wifi yangu akauliza.

"Ndiye," tukasema sote.

"Huyu?" Akamtazama. "Mimi nilimpa urefu wa mlango. Miaka yote nimemvalisha kanzu." Akaanza kucheka, kwanza polepole, kisha akashika meza. Kaka akacheka kwa sababu yeye anacheka, na mama akacheka mpaka akashika nyonga. "Na kizibao chenyewe kimeshonwa ovyo," akasema akijifuta machozi. "Tazameni kwapa lilivyovutika. Mtu mwenye kiwanda kizima hana fundi?"

"Leo anadanganya?" kaka akamuuliza.

"Nyamaza kwanza, namwangalia."

Alimwangalia. Alikaa mikono imetulia mapajani, jua la jioni begani, anamfuata yule mtu mfupi kila anapokwenda, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, hauna pini hata moja. Mlangoni pakapigwa hodi. Mtu akasema samahani, ameelekezwa hapa kwa Fundi.

"Ni yule wa suruali," wifi yangu akasema. "Karibu mwanangu, kaa hapo unisubiri." Na hakugeuka.